Mazoezi Nyuma ya Kamba za Nguo

Katika kurasa hizi sitataja jina la mtu hata mmoja. Niliwahi kuyataja majina mara moja, kumi na tisa kwa jumla, kwa mwandiko wa kupendeza, kila moja na saini yake mbele, na yaliyotokea baada ya hapo yamenitosha.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa nje ya mji wa Eldoret, upande wa Kapseret. Kutoka langoni hadi barabara ya lami ulikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Barabara ya gari ilizunguka mbali, na sisi wanafunzi hatukuwa na gari, kwa hiyo tulipita njia ya mkato iliyokata katikati ya shamba la mahindi la chuo. Mwezi wa nne, mahindi yakiwa yamechipua tu, njia ile ilikuwa ya raha. Uliona ng'ombe wa majirani, uliona mabati ya duka la Msomali kule barabarani, na mtu akija ulimwona akiwa bado mdogo kama kidole. Kufikia mwezi wa saba mahindi yalikuwa yametupita kimo. Ukiingia mle ilikuwa kama kuingia kwenye ushoroba usio na milango. Majani yalikukwaruza mashavu, udongo ulishika viatu, na kila upepo ulipopita ulidhani kuna mtu anapumua.

Jumatano moja, saa tisa alasiri, jua likiwa bado juu, msichana wa mwaka wa kwanza aliyelala kitanda kilichokuwa juu ya changu alirudi kutoka posta akiwa na kiatu kimoja. Alikuwa amekwenda kumtumia mama yake barua, nyumbani kwao Busia. Kola ya blauzi yake ilikuwa imeraruka, na shingoni kulikuwa na alama za vidole, vinne upande mmoja na kimoja upande wa pili. Aliniambia kwamba mwanamume alitoka mahindini, akamshika kutoka nyuma, naye akamng'ata na kukimbia. Alisema hivyo tu. Hakulia. Aliomba maji ya moto ya kuoga, na matroni akamwambia maji ya moto ni ya Jumamosi.

Kesho yake tuliitwa paredi. Mkuu wa chuo alikuwa mtu mpole, wa suti ya kijivu na beji ya chama kifuani, na alizungumza na sisi kama baba anayezungumza na mabinti waliomwaibisha mbele ya wageni. Alisema kuanzia siku hiyo hakuna msichana atakayetoka bila kuandika kwenye kitabu cha kutoka, wala hawatatoka wakiwa chini ya wanne, na kwamba sketi zote zishuke chini ya goti. Wavulana waliokuwa upande wa pili wa uwanja walicheka kidogo, kwa heshima. Hakusema neno lolote kuhusu yule mwanamume. Ungedhani msichana yule alikuwa amejishika shingo mwenyewe.

Ndipo mkono mmoja ukainuka katika mstari wetu wa nyuma. Ulikuwa wa mwanafunzi mwenzetu wa mwaka wa pili, mwanamke wa miaka karibu thelathini, aliyetuzidi sote kwa umri. Kabla ya kuja chuoni alikuwa amefanya kazi miaka mitano katika kiwanda cha nguo mjini, kwenye mashine za kusokota nyuzi, akisoma mwenyewe na kurudia mitihani mpaka akapata nafasi ya ualimu. Alikuwa na mtoto wa kike aliyeachwa kwa nyanya yake katika mji mdogo wa Ziwa. Sisi tulimwita Mathe, kama vijana wa mjini wanavyomwita mama, mwanzoni kwa mzaha, baadaye kwa sababu hatukuona jina lingine lililomfaa.

"Bwana mkuu," alisema, "si tukate tu mistari sita ya mahindi kila upande wa njia? Mtu akijificha, tumwone mapema."

"Hayo mahindi ni ya maonyesho ya kilimo," mkuu alijibu. "Mwaka jana tulitoka wa pili. Nikate mahindi ya serikali kwa sababu ya kiatu?"

Safari hii hata baadhi yetu wasichana tulicheka. Nami nilicheka. Nayaandika haya ili isije ikaonekana kwamba nilianza vizuri nikaharibikia njiani.

Jumamosi msichana wa Busia alifungasha sanduku lake, akasema anakwenda nyumbani kupumzika wiki moja. Hakurudi. Kitanda kile kilibaki na godoro lililokunjwa, na usiku niliangalia vyuma vyake mpaka nikapata usingizi.

Mathe ndiye aliyeanzisha yaliyofuata, na alianza kwa kutukaripia. Tulikuwa tunafua, mchana, nyuma ya bweni, mahali ambapo kamba za kuanikia zilikuwa nane na mashuka yakining'inia hakuna aliyekuona kutoka ofisini.

"Sasa nyinyi mnatembea wanne wanne kama bata," alisema. "Mtu akitokea, wanne wote mtafanya nini? Mtalia kwa sauti nne?"

"Kwani wewe ungefanya nini, Mathe?" mmoja wetu akamuuliza.

"Kule kiwandani tulikuwa tunatoka shifti na giza, wanawake watupu, na kila mtaa ulikuwa na wanaume wake. Wewe, kuja hapa." Alikuwa ananiita mimi. "Nishike shingo."

"Nitakuumiza."

"Na hiyo mikono ya kushika chaki? Nishike, bwana!"

Nikamshika. Sijui hata leo alifanya nini hasa. Nilihisi uzito wake wote umeporomoka, kidevu chake kimeingia kati ya mkono wangu na koo lake, kisigino kimekanyaga vidole vyangu vya mguu, na mara nikawa nimekaa kwenye maji ya sabuni huku wenzangu wakishikana kwa kicheko.

"Mmeona? Sijampiga," alisema, akinivuta juu. "Sisi hatutaki kumshinda mtu. Tunataka kufika nyumbani."

Basi tukawa tunakutana kila Jumamosi baada ya kufua. Alitufundisha kiwiko, kwa sababu kiwiko ni kigumu na hakihitaji nguvu nyingi. Alitufundisha kuachilia kibeti bila kubishana nacho. Alisema hereni zivuliwe kabla ya kuingia njiani, na kitambaa cha kichwa kifungwe kwa fundo linalofunguka likivutwa, ili anayekushika abaki nacho mkononi wewe ukiwa umeshaondoka. Alituambia tununue pilipili ya unga kwa Msomali na kuifunga katika pembe ya gazeti, tuishike mkononi, si chini ya kibeti ambako ungeitafuta huku umelala chini. "Na muangalie upepo kwanza," alionya. Mmoja wetu hakuangalia. Alishinda alasiri nzima uso ukiwa ndani ya karai la maji, akiapa kwamba mwanamume yeyote atakayemkamata atakuwa amepata bahati mbaya zaidi ya hiyo.

Lakini somo ninalolikumbuka kuliko yote lilihusu sauti. Alitupanga mstari, akamwambia kila mmoja apige kelele kama ameshikwa. Tulipiga kelele za aibu, kama watu wanaokohoa kanisani.

"Sasa hiyo ni nini? Na mnaita nini? 'Mwizi'? Mtu akisikia mwizi anaenda kufunga mlango wake kwanza. Mkisema 'nisaidie,' watasema hayo ni mambo ya bwana na bibi yake. Pigeni kelele ya moto."

"Moto, Mathe? Na hakuna moto?"

"Mahindi yakishika moto kila mtu hapa ana hasara. Watakuja mbio. Wakifika wakukute wewe, hiyo ni shauri yao."

Tulicheka, kisha tukajaribu. Moto! Moto! Nilisikia sauti yangu ikitoka mahali ambapo sikujua kwamba nina sauti. Nilikuwa na miaka ishirini, nimelelewa kuzungumza nikitazama chini, na nyuma ya mashuka yale meupe ya chuo, jua la Eldoret likitupiga utosini na baridi ikitushika miguuni, nilipiga kelele mpaka machozi yakanitoka. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Na ilifaa. Katikati ya mwezi wa nane, wawili wetu walichelewa na wenzao wakawatangulia. Mtu akatokea mahindini mbele yao, amefunika uso kwa kofia ya sufu. Hawakusema "nisaidie." Walipiga ile kelele tuliyoizoea, na kabla hawajamaliza pumzi, vibarua waliokuwa wakipalilia shamba la jirani wakaja na majembe na ndoo, wakiuliza moshi uko wapi. Mtu wa kofia alikwishatoweka. Wasichana walirudi na viatu vyao vyote. Jioni ile bwenini tulimbeba Mathe juu juu, naye akapiga teke hewani akisema tumshushe, kwamba mama wa mtoto habebwi kama gunia.

Hapa ndipo ninapoingia mimi.

Mvua zilikuwa zimekaza, na nyuma ya kamba palikuwa matope matupu. Nilisema tuombe ukumbi. Mathe alisema tusiombe kitu, tungojee tu mvua ipite. Lakini mimi nilikuwa nimekulia katika nyumba ambayo kila jambo lilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kikundi cha mama yangu cha kupandiana mahindi kilikuwa na kumbukumbu. Kwaya ilikuwa na kumbukumbu. Hata matanga ya babu yangu yaliandikiwa kumbukumbu, na ajenda ya tatu ilikuwa jeneza. Tulifundishwa kwamba jambo lisiloandikwa ni la wahuni, na kwamba ukiandika vizuri, ukapanga mistari, ukaweka tarehe na mahudhurio, ofisi itakuheshimu. Chuo chenyewe kilisema chama chochote cha wanafunzi kinachotaka kutambuliwa kilete barua ya maombi pamoja na kumbukumbu za mikutano mitatu.

"Kwani hii ni harusi?" Mathe aliniuliza, nilipokuja na daftari jipya. "Kamati ya nini?"

"Tukitambuliwa watatupa ukumbi. Labda hata watakata yale mahindi."

"Wewe unawaamini sana watu wa makaratasi."

"Na wewe utakuwa mwalimu, Mathe. Kazi yako yote itakuwa makaratasi."

Hilo lilimchekesha, na akakubali. Nafikiri alikubali kwa sababu nilikuwa nimetamka neno "mwalimu." Alipenda kulisikia. Alikuwa akijizoeza kuandika ubaoni usiku wakati darasa li tupu, herufi kubwa za mviringo za darasa la kwanza, na akirudi bwenini mikono yake ilikuwa myeupe hadi kwenye viwiko. Ilikuwa imebaki miezi minne apate cheti.

Nikawa katibu. Niliandika kumbukumbu zile kama mtu anayeandika kitabu chake cha kwanza, na kusema kweli ndicho kilichokuwa kitabu changu cha kwanza. Niliandika jinsi mashuka yalivyovimba kwa upepo. Niliandika kwamba mkufunzi, nikaweka jina lake kamili na namba yake ya usajili, alionyesha namna ya kumpiga mshambuliaji kooni, na kwamba wanachama walifanya mazoezi wawili wawili hadi wakahitimu. Niliandika kwamba mkufunzi alipata ujuzi huo kiwandani. Niliandika habari za vibarua na majembe yao. Mwishoni mwa kila mkutano kulikuwa na mahudhurio, na nilimzungukia kila mmoja bwenini anitilie saini, hata waliokuwa na mitihani, hata mmoja aliyekuwa mgonjwa kitandani. Nilimwinua kichwa ili aandike.

Jumatatu asubuhi nilipeleka daftari ofisini mwenyewe, nimelifunga kwa utepe.

Siku kumi hazikuwa na jibu. Siku ya kumi na moja niliitwa. Mkuu alikuwa ameketi pembeni, mahali ambapo kwa kawaida wageni huketi, na nyuma ya meza yake palikuwa na mtu wa usalama, mwanamume aliyevaa sweta ya kijani isiyo na mikono. Alikuwa anakunywa chai ya chuo. Juu ya kichwa chake ilining'inia picha ya Rais, na mbele yake lilikuwa daftari langu, utepe umefunguliwa na kukunjwa vizuri kando.

"Kaa, msichana," alisema. "Wewe ndiye umeandika hii?"

"Ndiyo, mzee."

"Umeandika vizuri sana. Hata sisi kule kazini hatuandiki hivi. Mambo yamepangika." Alifungua ukurasa, akaushika kwa kidole. "Watu kumi na tisa. Mikutano mitatu. Nani aliwapa kibali?"

"Yalikuwa mazoezi tu, mzee. Baada ya kufua."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kujikinga."

"Na nani?"

Nilimtazama mkuu wa chuo. Alikuwa anatazama kofia yake, aliyokuwa ameiweka juu ya magoti.

"Na yule mtu wa mahindini," nikasema.

"Anaitwa nani?"

"Hatumjui, mzee."

"Humjui. Hujui jina lake wala sura yake. Lakini watu kumi na tisa wanajua namna ya kumpiga koo." Hakuwa mkali. Angalikuwa mkali ningalijua la kufanya. "Na siku moja mkapiga kelele, na wafanyakazi wa shamba la mtu wakaacha kazi, wakakimbia na majembe. Umeandika mwenyewe hapa. Sasa mimi nikisoma, nione nini?"

"Ni kwa sababu walisikia moto..."

"Kulikuwa na moto?"

"Hapana."

Alinywa chai. Kisha akauliza alichokuwa amekuja kuuliza. Huyu mkufunzi, alikuwa kiwandani mwaka ule wafanyakazi waliposimamisha mashine? Nilisema sijui. Aliwahi kuzungumza nasi juu ya mishahara, juu ya wakubwa? Nilisema hapana, na ilikuwa kweli. Yeye ndiye aliyeanzisha haya mambo? Hapo nikautazama utepe wangu uliokunjwa kando.

Mkuu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Binti yangu," alisema, "una miezi minne tu umalize. Baba yako ni mtu mzuri, namjua. Andika tu kwamba hamkujua maana ya haya mazoezi. Mtu mkubwa aliwaingiza, nanyi mkafuata. Wenzako kumi na saba watakuwa salama. Ni barua tu."

Walinipa karatasi na kalamu. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama mkono wangu ulitetemeka, maana ningependa uwe ulitetemeka. Haukutetemeka. Niliandika kwa mwandiko ule ule. Mathe alikuwa ametufundisha la kufanya mtu akikushika shingo, akikuvuta nywele, akikuangusha kifudifudi. Hakutufundisha la kufanya mtu akikupa kalamu kwa upole na kukuita binti yake. Niliandika kwamba mazoezi yalikuwa wazo lake, kwamba sisi hatukuelewa shabaha yake, na kwamba tunajuta. Sentensi ya kwanza ilikuwa kweli. Ya pili ilikuwa uongo, kwa sababu hakuna jambo nililowahi kulielewa vizuri zaidi maishani mwangu. Nilitia saini. Yule mwanamume alipuliza wino ukauke.

Nimesikia watu wa rika langu wakieleza miaka ile kwa kusema kwamba haikuwezekana kufanya vingine. Huenda. Mimi sikujaribu, kwa hiyo sijui.

Mathe aliitwa siku iliyofuata, saa nne. Saa tano alirudi bwenini kupanga vitu vyake. Alikuwa amepewa mpaka saa sita awe nje ya lango, na jina lake limefutwa katika orodha ya chuo, na hakuna chuo kingine cha serikali ambacho kingempokea. Hawakumfunga. Baadaye niliwasikia wenzangu wakisema ana bahati hawakumfunga, nami nilijishika kwenye neno hilo kama mtu aliyeshika kamba.

Nilimkuta anakunja gauni lake la mazoezi ya kufundisha, la bluu, lililopigwa pasi.

"Wamenisomea barua yako," alisema bila kugeuka. "Ile nyingine, si ya daftari."

"Mathe, waliniambia..."

"Najua walikuambia nini. Mimi pia wameniambia. Waliniambia nikitaja wengine watano wa kubeba lawama nami, watanifikiria." Alifunga sanduku, likakataa, akalipiga kwa goti likafunga. "Nikawaambia sina kichwa cha majina."

Nilimuuliza kama nimsaidie kubeba.

"Na kitabu cha kutoka? Si lazima muwe wanne?"

Hakusema kwa mzaha, wala kwa hasira. Alikuwa ananikumbusha kanuni. Nilisimama kwenye kizingiti cha bweni, na wengine kumi na saba walikuwa madirishani, na hakuna aliyetoka. Alivuka uwanja na sanduku kichwani. Yeye hakuwa mwanafunzi tena, kwa hiyo aliruhusiwa kupita njia ile peke yake. Mahindi yalikuwa yamekauka kufikia wakati huo, na tulisikia majani yakivunjika alipoingia. Baadaye hatukusikia kitu.

Muhula ule mahindi ya chuo yalitoka ya pili tena kwenye maonyesho. Mtu wa kofia hakukamatwa, na sidhani kama alitafutwa. Ofisi ilitununulia filimbi, moja kwa kila bweni, zikafungiwa kwenye kabati la matroni ili zisipotee. Kumi na nane tulipata vyeti. Siku ya mahafali mkuu wa chuo alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniambia nina kipaji cha kuandika, nisikiache.

Nilifundisha miaka mitatu upande wa Turbo. Nilianza kuandika hadithi, zikatoka magazetini, kisha kitabu. Watu walionisoma walisema ninajua kumtazama binadamu kwa huruma. Nilifurahi kusikia hivyo, na kila nilipofurahi nililala vibaya.

Mwaka jana nilikwenda Ziwa siku ya soko. Sitasema nilipita tu. Nilikuwa nimeulizia, na niliambiwa kuna mwanamke anayeshona sare za shule kwenye kibanda cha tatu baada ya wauza viazi. Alikuwa ameinama kwenye mashine ya mguu, miwani puani, sweta nyekundu za wanafunzi zimening'inia nyuma yake. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinitambua kabla sijafika.

"Karibu, Madam," alisema.

Sisi walimu wanawake huitwa hivyo na kila mtu, na nimezoea. Lakini kwa mdomo wake lilinichoma.

"Usiniite Madam, Mathe."

"Nikuite nani? Si unafundisha?"

"Niliacha. Sasa naandika."

"Nimesikia. Kuna mwalimu hapa ana kitabu chako." Mguu wake haukuacha kukanyaga mashine. "Wanasema ni kizuri."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kutoka mjini. Nilikuwa na maneno, mengi, yamepangika. Yote yalinitoka. Nilisema tu kwamba nimekuja kuomba msamaha.

Alisimamisha mashine. Alikata uzi kwa meno, akalitazama shati dogo alilokuwa akilishona pande zote mbili.

"Mimi nilitaka kufundisha darasa la kwanza," alisema. "Basi. Sikutaka kuwa mkuu, sikutaka siasa. A, e, i, o, u, na watoto wanarudia. Hiyo tu."

"Najua."

"Unajua?" Alinitazama juu ya miwani. "Sasa nikikusamehe, utafanya nini?"

Nilifikiri. Nilifikiri kweli, nikiwa nimesimama mbele yake soko lote likipita nyuma yangu, na nikagundua kwamba jibu langu lilikuwa kwamba ningekwenda nyumbani nikaandike habari zake kwa moyo mweupe. Sikulisema. Nafikiri alilisoma, maana alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia.

Mama mmoja alifika na binti yake wa miaka sita au saba, wa kuanza shule Januari. Mathe alichukua tepu shingoni, akamwambia mtoto asimame wima, anyooshe mikono. Aliandika vipimo kwa chaki kwenye ubao mdogo uliotundikwa kibandani, herufi kubwa za mviringo, na mtoto akawa anazitazama, midomo yake ikijaribu kuzisoma.

Niliendelea kusimama. Nilikuwa nangoja hata tusi.

"Madam," alisema, akiwa tayari ameinama tena kwenye mashine, "nisaidie usogee kidogo. Unaniziba mwanga."